Mwisho Niliokusomea wa Kitabu Kisicho na Jalada

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechoka, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua haianzi kwa malalamiko, huanza kwa salamu, kwa hiyo naitanguliza salamu yako mbele ya uchovu wangu. Leo ni Jumamosi. Nimemaliza kusahihisha insha za kidato cha pili, nimefua mashati yangu mawili ya kazini, na sasa nimekaa katika chumba nilichopanga hapa Soweto, Mbeya, nikitazama mawingu yakiumeza mlima Loleza kidogo kidogo. Kuna jambo ambalo nimelizunguka kwa miezi mingi. Nimeamua kuliandika waziwazi, katika barua ambayo hata akina mama wa Alhamisi wataisoma, kwa kuwa wao nao wamo ndani yake, na kwa kuwa wewe huwezi tena kunijibu.

Kitabu chetu kimepata wasomaji wengine. Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam, niliyempelekea tafsiri yangu ya Kiswahili ya ile riwaya ya Kiingereza, alinijibu wiki mbili zilizopita. Aliwapa wasomaji wake watatu waupime mswada. Wa kwanza ameandika kwamba hajawahi kuona mzimu wenye adabu kama Kapteni, na kwamba ilimchukua siku kadhaa kuzoea tena kupita koridoni kwake taa ikiwa imezimwa. Wa pili amelalamika kwamba watu wa enzi za Malkia Victoria wanazimia mno, tena wanazimia wakiwa wamekwisha kula vizuri. Wa tatu amesifu sura ya mwisho kwa aya nzima, na mchapishaji mwenyewe akaongeza chini yake: "Mwisho wa riwaya hii ndio uliotushawishi."

Barua kama hiyo niliiota tangu mwaka wangu wa kwanza chuoni Iringa. Ningepaswa kupiga simu kwa kila mtu ninayemfahamu. Badala yake niliikunja, nikaiweka chini ya mto, nikaenda darasani kufundisha vitenzi. Mwisho ule unaosifiwa, Shangazi, haumo kitabuni. Niliutunga mimi. Niliutunga kwa ajili yako, nikakusomea kana kwamba ni wa kwake mwandishi, na wewe ukauamini ukafanya uamuzi mkubwa kuliko wote wa miaka yako ya mwisho.

Naomba nirudi nyuma kidogo, maana watakaosoma barua hii hawajui tulivyoanza.

Nilikuja kwako Mafinga, Baba akiwa amekwisha kufariki, nikiwa nimetunukiwa shahada ya lugha na fasihi, nikiwa na suti moja na maombi ya kazi yasiyojibiwa. Ulinipa kile chumba cha nyuma, dirisha lake likitazama misonobari, na kila asubuhi niliamka nikakuta ukungu umekaa mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Nilikuwa najitolea kufundisha katika shule moja ya jirani. Siku moja lilifika pale sanduku la vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, na kwenye tabaka la chini nikakuta riwaya nene ya Kiingereza isiyo na jalada wala kurasa za mwanzo. Jina lake hatukulijua, wala la mwandishi. Mwalimu mkuu aliniruhusu niichukue, kwa sababu, alisema, kitabu kisicho na jalada hakiandikwi kwenye daftari la maktaba.

Nilianza kukusimulia wakati ukipiga pasi. Adelina, mjane kijana, anarudi katika jumba la mawe la marehemu mumewe, Kapteni Edmundi, aliyeanguka kutoka kwenye farasi miaka saba iliyopita. Katika jumba hilo kuna ukungu, kuna upepo, kuna mtumishi mmoja mzee, na kuna hatua za mtu anayetembea ghorofani. Ulisimamisha pasi hewani ukaniuliza, "Ni yeye?" Nikakujibu kwamba ndiye. Kesho yake ulimwambia Mama Zawadi, yule mzee wa kanisa mwenye ulimi usiochelewa, naye akamwambia Mama Tuli, Mnyakyusa aliyeolewa kwetu na kuleta kicheko chake kutoka Tukuyu. Alhamisi iliyofuata wanawake saba walikuwa wamekaa kwenye kibaraza chako cha ushonaji, wote wakikuita Fundi, kila mmoja na sweta analofuma, jiko la mkaa katikati yao, nami kwenye stuli, nikitafsiri ukurasa baada ya ukurasa kwa sauti niliyoiazima kwa wahadhiri wangu.

Nilitaka kuwavutia kwa Kiingereza changu. Wao hawakujali Kiingereza changu hata kidogo, walimjali Adelina.

Unakumbuka siku ya lile vazi la mifupa ya nyangumi? Nilisoma kwamba Adelina alilikaza kiunoni mpaka akakosa pumzi. Ukasimamisha cherehani.

"Linafungwa mbele au nyuma?"

"Nyuma, Shangazi. Kwa kamba."

"Na yeye anaishi na nani?"

"Na yule mtumishi mzee."

"Mwanaume?"

"Mwanaume."

"Basi nani alimfunga?" Ukawatazama wenzako. "Huyu mwandishi hajawahi kushona, wala hajawahi kumvisha mtu."

Nilikuwa nimesoma riwaya nyingi za namna hiyo chuoni na kuziandikia insha, na swali hilo halikuwahi kunijia.

Na unakumbuka nilivyokuwa nikiruka mabusu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mbele ya mama zangu, na mwandishi yule hakuwa na haya. Nilijizoeza kupita juu ya aya nzima bila kusita. Mama Tuli alinikamata bila hata kuinua macho kwenye sindano zake za kufumia.

"Mwalimu, hapo umeruka."

"Sijaruka, mama."

"Umeruka. Kapteni alikuwa mlangoni, sasa yuko dirishani anatafuta kofia yake. Katikati alifanya nini?"

"Walizungumza."

"Ati walizungumza. Mtu ametoka kaburini, kapita kwenye baridi lote lile, kaja kuzungumza." Wote wakacheka mpaka nikashusha kitabu. "Soma, baba. Hapa wote tumezaa."

Nilisoma. Lakini ule uzoefu wa kuruka nilibaki nao, na huenda ndiko nilikojifunzia kwamba macho yanaweza kuwa kwenye ukurasa huku mdomo ukisema mengine.

Nisipoieleza Alhamisi ya kabati sitakuwa nimesema ukweli. Tulikuwa tumefika pale Adelina anapofungua chumba cha Kapteni na kukuta nguo zake zote zimetundikwa, na viatu vinang'aa kwa sababu yule mtumishi huvipiga rangi kila Jumamosi.

"Simama hapo," alisema Mama Zawadi. "Nguo zake zote zimo kabatini?"

"Zote, mama."

"Miaka saba?"

"Miaka saba."

Aliweka sweta lake chini. "Halafu wanashangaa anarudi. Mtu hamjamwanulia matanga, nguo zake hamjagawa, viatu mnampigia rangi kila wiki. Hata mimi ningerudi nivae."

Kicheko kilikuwa kikubwa, kisha kikakatika chenyewe, kwa sababu kila mmoja alikumbuka alipokuwa amekaa. Kwenye pembe ya kibaraza, chini ya vipande vya vitambaa, lilikuwepo sanduku la bati la mumeo, Mjomba Lukas. Lori la mbao lilimwangukia mteremkoni, na ndugu zake wakamzika kwao Madibira. Kwetu siku ya kuanua matanga ndiyo siku ya kugawa nguo za marehemu, shati kwa huyu, koti kwa yule, ili pasibaki kitu kinachomsubiri. Wewe siku ile ulituma ujumbe kwamba nguo utazileta baadaye. Miaka minne ilikuwa imepita. Jioni ulikuwa bado unafunika sahani ya pili, na kulipokuwa na ukungu mzito ulisema unasikia buti zake kwenye changarawe.

Wewe mwenyewe ndiwe uliyetuokoa. "Soma, mwanangu," ulisema. "Tusikae hapo."

Siku hizo nilikuwa nimekwisha kuiona barua ya rufaa. Nilikuwa natafuta sindano kwenye droo ya cherehani, nikaikuta: daktari wa Mafinga akikuelekeza Mbeya kwa ajili ya uvimbe ule wa shingoni, uliokuwa ukiufunika kwa skafu na kuwaambia watu ni baridi. Ilikuwa imekaa pale miezi minne. Nilirudisha droo taratibu. Sikukuuliza. Nilijiambia kwamba mtu mzima haulizwi, kwamba si adabu mtoto wa kaka kufungua jambo ambalo shangazi amelifunga. Nilikuwa na maneno mengi ya heshima siku hizo, na yote yalinisaidia kunyamaza.

Kisha ikaja ile Jumanne. Ulikuwa unapiga pasi sare za kwaya. Kitabuni, Adelina alikuwa ameanza kukohoa damu. Daktari wa kijiji, anayempenda, alikuwa amemwandikia barua ya kumsihi aende mjini akatibiwe. Na Kapteni, kwa upande wake, alikuwa amemwomba amfuate. Ilikuwa imebaki sura moja. Ulisema, kwa sauti ile ile ambayo ungeulizia chumvi, "Huyo dada akimfuata mume wake, nami nitajua sijakosea."

Niliingia chumbani nikaisoma sura ya mwisho peke yangu, kwa mara ya kwanza. Anamfuata, Shangazi. Anaiacha barua ya daktari mezani bila kuifungua, anatoka alfajiri kwenye theluji akiwa na vazi la kulalia tu, anakwenda makaburini. Kapteni anampokea mkono. Kijiji kinapoamka kinakuta nyayo za watu wawili zinakwenda, na hakuna zinazorudi. Imeandikwa kwa uzuri ambao sijui kama nitawahi kuufikia. Nilifunga kitabu.

Alhamisi nilikaa kwenye stuli yangu, nikafungua ukurasa uleule, nikakusomea kitu kingine. Nilisoma kwamba Adelina alifungua kabati. Kwamba aliwaita wanakijiji, wakaketi sebuleni siku nzima, akagawa nguo za Kapteni moja baada ya nyingine, koti kwa mchungaji wa kondoo, buti kwa yule mtumishi mzee, na kila mtu aliyepokea alimtaja marehemu kwa neno moja jema. Kwamba jioni Kapteni alisimama langoni, akavua kofia, akaondoka bila kugeuka. Kwamba Adelina aliifungua barua ya daktari, na asubuhi akapanda gari la farasi kwenda mjini. Sikusita popote. Nilisoma vizuri kuliko siku zote.

Mama Zawadi aliinamisha kichwa kama aliyesikia ushahidi mahakamani. "Si niliwaambia," alisema. "Ilikuwa nguo."

Mama Tuli alifuta macho kwa uzi wa sweta. Wewe ulichukua mkasi ukaendelea kukata kitambaa, na nilipokutazama niliona mkono wako ukienda moja kwa moja kwenye mstari wa chaki.

Ijumaa ya wiki ile uliniambia nikusaidie kubeba sanduku. Tulishuka Madibira, kutoka kwenye ukungu mpaka kwenye lile joto la mashamba ya mpunga, wewe na skafu yako, mimi na sanduku mapajani. Shemeji zako walitandika mikeka. Mkubwa wao alikuamkia kwa unyenyekevu ambao sikuutarajia, akasema, "Shemeji, tulijua utakuja. Hatukutaka kukuharakisha." Koti zito la Mjomba alipewa mdogo wake wa mwisho, naye akalivaa palepale, jua likiwa kichwani, jasho likimtoka, akakataa kulivua mpaka tulipoondoka. Ulicheka. Ni mara ya mwisho ninayokumbuka ulicheka mpaka ukashika ubavu. Njiani kurudi uliniambia, "Jumatatu twende Mbeya."

Nilijivuna, Shangazi. Siwezi kuficha. Niliketi kwenye kiti cha basi nikifikiri kwamba fasihi ina nguvu kuliko walivyotufundisha, na kwamba mimi ndiye niliyeishika.

Madaktari walifanya walichoweza. Walisema tulichelewa, na hawakusema kwa lawama. Wiki tatu wodini, dirisha lako likitazama mlima huuhuu ninaoutazama sasa. Alasiri moja uliniomba nikusomee tena mwisho. Nilitoa kitabu mkobani, nikakusogezea ili tutazame pamoja, nikarudia uongo wangu neno kwa neno, kwa kuwa nilikuwa nimeukariri. Ulinyoosha kidole ukakiweka kwenye ukurasa. Ilikuwa nusu ukurasa tu. Sura ya mwisho ni fupi.

"Kizungu kifupi hivi," ulisema, "Kiswahili chake kirefu hivyo?"

Nesi aliingia na dawa, nami nikamshukuru kimoyomoyo. Ulipokwisha kumeza ulifumba macho, ukaushika mkono wangu, na hatukulizungumza tena. Sijui ulilolijua. Nimejaribu kulijua kila siku tangu hapo, na ndicho hasa kilichonichosha, kuliko kazi, kuliko insha za kidato cha pili.

Ulizikwa Madibira, kando ya Mjomba, na siku ya kuanua matanga nguo zako ziligawiwa zote, haikubaki hata kanga moja. Mimi nilipata kazi hapa Mbeya. Nikaanza kuchapa tafsiri yetu, jioni baada ya jioni, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kukaa na wewe. Nilipofika sura ya mwisho nilichapa ya kwangu. Rafiki yangu wa chuo, Gervas, alikuwa wa kwanza kuisoma, na alinirudishia mswada na alama ya wino mwekundu pembeni.

"Sikiliza," aliniambia, "Waingereza wa enzi zile hawakukaa matanga. Hawaketi mkekani kugawa buti. Hapa mwandishi wako amedanganya, au umedanganya wewe."

"Umeipenda lakini?"

"Nimeipenda. Lakini hilo silo nililokuuliza."

Niliituma hivyohivyo. Nilitaka kitabu. Nilitaka jina langu liwe chini ya neno "mfasiri", na nilijiambia kwamba nimekutunza wewe ndani yake. Kisha ikaja ile barua ya mchapishaji, na sentensi yake moja kuhusu mwisho.

Alhamisi iliyopita, tukiwa na mapumziko mafupi ya katikati ya muhula, nilipanda basi kwenda Mafinga. Akina mama bado wanakutana, sasa kwa Mama Zawadi. Walinikaribisha kwa viazi vya kuchemsha na chai, wakanipa stuli. Niliwaambia kwamba kitabu kinaweza kuchapishwa, wakapiga vigelegele. Ndipo nikawaambia yaliyobaki, pamoja na maneno yako ya ile Jumanne. Nikafungua ukurasa ule nikawasomea, kwa mara ya kwanza, kilichoandikwa: barua isiyofunguliwa, theluji, makaburi, nyayo zinazokwenda.

Sindano zilikuwa zimesimama.

"Ni mzuri," alisema Mama Tuli hatimaye, polepole. "Ni mzuri sana. Lakini amekwenda bila kumuaga yule mtumishi wake mzee. Ataamka amkute nani?"

Mama Zawadi hakuuzungumzia uzuri. Alinitazama mimi.

"Fundi alikwambia yale maneno, kwamba Adelina akimfuata mume, naye atajua hajakosea?"

"Aliniambia, mama."

"Na wewe ukaogopa."

"Niliogopa."

"Ukamtafutia Mzungu amwambie." Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Amekulea yule. Alikuwa anakufungia chai kwenye chupa ukienda shule kujitolea. Ulidhani atakataa neno lako, akubali la mtu ambaye hata jalada hana?"

"Mama, nilidhani mimi ni mtoto tu."

"Mtoto ndiye aliyepaswa kumwambia. Sisi tulimwambia aende hospitali, akatufukuza. Mimi aliniambia nikasimamie kwaya." Akachukua sweta lake, akahesabu vitanzi, akaliweka tena. "Mwisho wako haujatuudhi. Ungesema ni wako tungekusikiliza vilevile. Hicho ndicho kinachoniuma mimi, kwamba hukujua."

Mama Tuli alinimiminia chai nyingine. Nilikunywa, nikayaacha maelezo niliyokuwa nimeyapanga njiani tangu Makambako.

Jana nilimwandikia mchapishaji. Nimemweleza kwamba sura aliyoisifu si tafsiri, kwamba mwandishi asiyejulikana alimalizia vingine, na kwamba nimemwambatishia mwisho halisi, uliotafsiriwa kwa uaminifu wote nilionao. Nimemwambia kwamba akitaka wa kwangu uchapishwe, uwe mwishoni kabisa, peke yake, na jina langu juu yake. Huenda atakataa vyote viwili. Nimejaribu kuhuzunika kuhusu hilo, na nimegundua kwamba sina nguvu ya kuhuzunikia mambo mawili kwa pamoja.

Mama Zawadi alisema kweli. Kitabu kile kilikuwa ngao yangu. Nilikuwa na lugha tatu za kukuambia lile neno, ya nyumbani kwetu, Kiswahili na Kiingereza, nikachagua ile isiyo yetu, tena kwa kinywa cha mwanamke asiyekuwepo, ili ukikataa, uwe umemkataa yeye. Ulikwenda Madibira, ukaja Mbeya, ukalala kwenye kitanda kile wiki tatu, na katika muda wote huo hakuna mtu wa damu yako aliyewahi kukuomba ubaki. Ulibaki kwa hiari yako, au kwa kunihurumia, na mimi nilikuwa nimekaa kando nikijipongeza.

Basi naliandika sasa, bila ukurasa wowote mbele yangu.

Shangazi, usiende bado. Najua unamsikia. Najua umechoka kufunika sahani ambayo haifunuliwi. Lakini barua iko kwenye droo, nimeiona, na mimi naogopa. Baba alipoondoka nilikuwa na wewe. Ukiondoka wewe sina wa kumwamkia asubuhi. Twende Mbeya kesho. Ukikataa nitakaa nawe hapahapa, nitakoleza mkaa wa pasi, wala sitakuuliza tena. Ila nataka ujue kwamba aliyekuomba ni mimi.

Hayo ndiyo niliyopaswa kusema ile Jumanne, sare za kwaya zikiwa mezani. Ni maneno machache. Yasingejaza hata nusu ukurasa.

Upumzike, Shangazi, upande wa Mjomba, kwenye joto mnalolipenda. Nikipata likizo nitakuja kung'oa majani.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako